Plagi Inakufa Kila Wiki: Maswali ya Wenye Pikipiki za Zamani za 2T

Haya ni kwa waliobaki na Yamaha DT, AG100, Suzuki TF125, A100 na ndugu zao: pikipiki za 2T zinazochoma oili pamoja na petroli, ambazo fundi kijana akiziona anacheka kwanza ndipo ashike spana. Zamani zilimbeba bwana shamba, padri na mganga wa zahanati. Leo zimebaki kwa wachache, na maswali wanayoniletea ni karibu yale yale. Yangu ni DT175 niliyorithi kwa baba. Kopo la plagi nilizoziua nikijifunza bado liko chini ya benchi, sijalitupa.

Plagi nikiitoa nje inapiga cheche nzuri. Nikiirudisha, injini haiwaki. Imekufa au haijafa?

Imekufa, ila nje haionekani. Kwenye hewa ya kawaida cheche inaruka kirahisi. Ndani ya silinda hewa imegandamizwa na pistoni, na umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka mwanya ule ule. Sasa tazama kigae cheupe kinachozunguka ncha ya katikati. Kikiwa safi hakipitishi umeme. Kikivaa masizi, masizi ni kaboni, na kaboni inapitisha. Umeme wa koili haupandi kwa mkupuo, unajijenga, na wakati unajijenga unachuruzika juu ya masizi hadi kwenye chuma cha plagi na kupotelea huko. Ukifika wakati wa kuruka, hakuna kilichobaki. Ni kama kujaza ndoo iliyotoboka.

Kwa nini masizi hayaungui? Yanaungua, ila ncha ya plagi lazima ifike joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi ndipo ijisafishe. Ikizidi sana, nyuzi 800 na kuendelea, plagi yenyewe inageuka kaa la moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati. Maisha yote ya plagi yako katikati ya namba hizo mbili. Pikipiki ya 2T inachoma oili kila mzunguko, kwa hiyo muda wote iko karibu na ukingo wa chini.

Nisome vipi rangi ya plagi?

Kwanza ujue umeisoma baada ya safari gani. Ukiwasha asubuhi, ukaiacha ingurume dakika kumi uani, kisha ukafungua plagi, utaikuta nyeusi hata kama kila kitu kiko sawa. Hiyo ni habari ya uani, si ya injini. Panda kwenye mlima mrefu na gia ya tatu, mkono umefungua mafuta, nenda kilomita kadhaa, kisha kwa pamoja kamata klachi na uzime swichi. Usiiache injini ishuke taratibu. Simama pembeni, subiri ipoe kidogo, fungua.

Nyeusi kavu, masizi yanayofutika kwa kidole: petroli ni nyingi au hewa ni chache, au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye kung'aa, mbichi, inayoteleza kama imepakwa lami: oili. Imelowa na inanuka petroli: haikuwaka kabisa, basi tafuta umeme au kabureta inayofurika. Rangi ya karanga iliyokaangwa ndiyo tunayoitafuta, ingawa kwa petroli ya siku hizi isiyo na risasi rangi huwa hafifu kuliko wazee walivyotufundisha, kwa hiyo usihangaike ikiwa nyepesi kidogo. Nyeupe kama chaki, hapo sasa ogopa, maana injini inakosa petroli na inaungua. Ukiona vitone vidogo vya fedha kwenye kigae, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Usiwashe tena mpaka umejua sababu.

Kuna na ugonjwa mmoja wa 2T hasa: unyuzi mwembamba wa kaboni unaounganisha ncha mbili. Pikipiki inakata moto ghafla ikiwa kwenye mwendo, bila kukohoa. Unafungua plagi, unaondoa unyuzi kwa kucha, unapiga kiki moja, inawaka. Ukitokea mara moja kwa mwaka, achana nao. Ukitokea kila wiki, oili unayotumia au kipimo chake kina kasoro.

Nimebadilisha plagi tatu mwezi huu. Ninunue aina gani sasa?

Usinunue. Plagi ni shahidi, na wewe unamfukuza shahidi mahakamani kila anapofungua mdomo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua nne kwa wiki mbili, zote nne zikarudi zimelowa oili, na tatizo lilikuwa kipira cha bei ya soda upande wa klachi. Nitakieleza mbele.

Anza na vya bure. Filta ya hewa: ile sponji ikiwa imeziba vumbi na oili, injini inavuta hewa kidogo na petroli ile ile, plagi inakuwa nyeusi. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, ikaushe, ipake oili kiasi, ikamue. Usiitoe ukaendesha bila filta kama baadhi ya watu wanavyofanya. Kweli plagi itakuwa nyeupe kwa muda, lakini vumbi la barabara zetu litakula ringi na silinda. Baada ya filta, angalia choki, kabureta, oili, na mwisho umeme. Nasema mwisho kwa sababu ndio unaochukua muda. Kutokea, umeme hutokea mara nyingi tu.

Barabara kuu haina shida. Nikiingia mjini kwenye foleni inaanza kukohoa, plagi imekufa.

Mwendo mdogo una mzunguko wake wa petroli ndani ya kabureta, mbali na jeti kubwa (jeti ni kitundu kinachopima petroli inayopita). Ukibadilisha jeti kubwa kwa ugonjwa huu unajisumbua tu.

Tazama choki kwanza. Kwenye kabureta nyingi za Mikuni choki ni kijiti chenye kipira chini yake. Kipira kikikauka au kikiliwa, choki haifungi hata ukiisukuma mpaka mwisho, na pikipiki inatembea kutwa na choki nusu wazi bila wewe kujua. Kichomoe ukitazame. Kina duara lililochimbika? Badilisha, au kigeuze kama kinageuzika.

Halafu skrubu ya hewa. Ikiwa iko upande wa filta, kuifungua ni kuongeza hewa, na kuikaza ni kuongeza petroli. Ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze kwa nguvu maana ncha yake ni laini, kisha ifungue mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu. Injini ikiwa ya moto, iongeze na kuipunguza robo robo mpaka silensa (mwendo wa injini ukiwa umeachia mkono) ipande na itulie, ndipo ushushe silensa kwa skrubu yake nyingine. Kama inataka mizunguko mitatu au minne ndipo itulie, jeti ndogo si ya pikipiki yako.

Na tuambizane ukweli: pikipiki hizi hazikutengenezwa kusimama dakika arobaini kwenye foleni. Ukishatoka mjini, ipe mlima na gia ya chini iungue vizuri.

Kabureta imesafishwa mara tatu na fundi watatu. Bado inakula petroli na plagi ni nyeusi.

Kusafisha hakurudishi chuma kilicholika. Hapa ndipo pikipiki ya miaka arobaini inapotofautiana na mpya, na mafundi wengi hawajui kwa sababu hawajawahi kukutana na kabureta iliyozeeka kiasi hicho. Ndani mna sindano inayopanda na kushuka katika tundu la shaba. Kila ukivuta mafuta, sindano inatikisika na kulisugua tundu. Baada ya miaka mingi tundu linakuwa na umbo la yai. Petroli inapita pembeni ya sindano, kuliko ilivyopangwa, na inapita hasa mkono ukiwa robo hadi nusu, yaani pale tunapoendeshea muda mwingi.

Dalili yake iko wazi ukishaijua. Mkono ukifungua wote inaenda vizuri. Ukirudisha nusu, inagugumia na kutoa moshi. Kushusha sindano kwa kuhamisha klipu kwenye mfereji wa juu kunasaidia kidogo, ni kama kuweka kiraka. Dawa ni tundu jipya na sindano mpya, viwili pamoja, na vya namba ile ile iliyoandikwa juu yake. Vifurushi vya bei rahisi vyenye kila kitu ndani vinaingia sawasawa, lakini namba nyingi ni za kukisia. Vipime kabla hujavitegemea.

Sindano ya boya nayo ikichakaa petroli inapanda kupita kiasi. Unaikuta pikipiki asubuhi inanuka, au petroli imeshuka mpaka ndani ya chemba ya krenki na kiki ni nzito. Funga koki kila unapolala. Kama koki yenyewe haifungi, hapo una kazi mbili.

Dar inatembea vizuri. Nikiipeleka Mbeya inakuwa mlevi. Hewa ya baridi?

Si baridi, ni mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Kabureta ya zamani haina akili ya kujua hilo, inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile ya Dar es Salaam, hewa ikiwa pungufu. Matokeo ni masizi. Aliyepanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi anayajua hayo hayo.

Kwa safari ya siku mbili, shusha sindano klipu moja na vumilia. Kwa anayehamia, jeti kubwa ipungue hatua moja au mbili, na skrubu ya hewa iguswe upya. Ila akishuka tena pwani arudishe kila kitu mahali pake kabla hajavuta mafuta. Jeti ya Mbeya kwenye joto la Chalinze, mkono umefungua wote, ndiyo inayotoboa pistoni. Masizi yanaua plagi ya bei ndogo. Kukosa petroli kunaua injini.

Nichanganye oili kiasi gani? Fundi mmoja anasema kifuniko kimoja, mwingine anasema kikombe cha chai.

Acha vifuniko. Nunua bomba la sindano kubwa kwenye duka la dawa, lina mistari ya mililita. Moja kwa 20 ni mililita 50 kwa lita ya petroli, moja kwa 25 ni 40, moja kwa 50 ni 20. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachosema ipi. Vitabu vya zamani viliandikwa kwa oili za zamani, ndiyo maana utaona moja kwa 20. Kwa oili nzuri ya leo yenye alama ya JASO FC au FD wengi hupunguza. Mimi sishuki chini ya moja kwa 32 kwenye injini ya zamani inayobebeshwa mizigo, na wala sijutii masizi kidogo.

Usiweke oili ya injini ya 4T (mipigo minne, kama bodaboda za leo), wala ile inayopimwa kwenye chupa ya soda bila jina. Oili ya 4T ina viungo visivyotakiwa kuungua. Vinaacha majivu na gamba gumu juu ya plagi na juu ya pistoni. Na kosa lingine la watu wengi: DT na pikipiki nyingi za Yamaha zina pampu ya oili yake yenyewe, teknolojia waliyoiita Autolube tangu 1964, na tangi lake dogo liko pembeni. Mwenye pikipiki hajui, au hana imani nayo, anachanganya na kwenye petroli pia. Oili mara mbili! Chagua moja. Ukichagua kuchanganya, pampu ifungwe kabisa kwa kifuniko chake, si kuacha tangi tupu na kutumaini.

Ikikaa wiki mbili, siku ya kuwasha inafuka moshi mtaa mzima na plagi inalowa. Baadaye inatulia.

Ikiwa ina pampu, kuna goroli ndogo na springi pale oili inapoingilia kwenye injini. Kazi yake ni kuzuia oili isishuke yenyewe pikipiki ikiwa imezimwa. Uchafu au springi iliyochoka ikiizuia kufunga, oili inachuruzika tone kwa tone usiku kucha mpaka chini ya krenki. Ioshe kwa petroli, ipulize upande mmoja, kisha upande mwingine. Ipitishe njia moja tu. Majirani wakianza kulalamika, umechelewa.

Oili ya giaboksi inapungua lakini chini hakuna tone hata moja. Inaenda wapi?

Inaenda kwenye plagi yako. Hiki ndicho kipira nilichokitaja.

Injini ya 2T hutumia chemba ya krenki kama pampu. Pistoni ikipanda, chemba inavuta, na ikishuka, inasukuma. Kila upande wa krenki una sili, yaani kipira cha kuziba. Sili ya upande wa klachi inatenganisha chemba na oili ya giaboksi. Ikikauka, na zinakauka hasa pikipiki ikikaa miaka bila kuwashwa, kila pistoni inapopanda inavuta oili ya giaboksi na kuichoma. Moshi wake ni mweupe mzito, una harufu tofauti na ya 2T, na hauishi hata injini ikiwa ya moto. Plagi inatoka imelowa nyeusi. Utasafisha kabureta mpaka uzeeke.

Kuthibitisha si kazi. Jaza oili ya giaboksi mpaka alama, tembea kilomita mia mbili, pima tena. Halafu inuse. Kwa kuwa chemba pia inasukuma, petroli inapenya kwenda upande wa pili, na oili ya giaboksi inanuka petroli. Ukipata yote mawili, hakuna haja ya kubishana na mtu.

Sili ya upande wa magneti ikifa, mambo ni kinyume. Inavuta hewa, injini inakosa petroli, silensa inapanda yenyewe na haishuki ukiachia mkono. Plagi inakuwa nyeupe. Hiyo ni ya hatari zaidi, ingawa wenyewe huifurahia kwa siku chache kwa sababu pikipiki inaonekana nyepesi.

Kwenye baadhi ya injini sili ya klachi inatoka kwa kufungua kifuniko na gia tu. Nyingine mpaka kesi ipasuliwe. Ikipasuliwa, badilisha sili zote na beringi za krenki kwa pamoja, ili usirudi tena ndani baada ya mwezi.

Nitajuaje kama ni umeme?

Kwa dalili hii: plagi mpya inatembea siku mbili vizuri, kabureta ni safi, oili ni sahihi, inakufa. Cheche dhaifu inachoma nusu nusu, kinachobaki ni masizi. Kwa hiyo masizi si lazima yawe ya petroli nyingi.

Pima hivi. Weka waya wa plagi milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, ukiwa umeushika kwa koleo lenye mpira, mbali na tundu la plagi kwani mvuke wa petroli unatoka hapo. Piga kiki. Cheche inatakiwa kuruka mwanya huo, ya bluu, yenye mlio. Ikiwa ya njano na inakwenda kwa kubahatisha, endelea kutafuta.

Kofia ya plagi ndiyo mwizi wa kwanza. Ndani yake mna kizuizi, mara nyingi cha omu 5,000 hivi, na kikizeeka kinapanda hadi makumi ya maelfu. Ichomoe kwa kuizungusha, pima kwa mita. Kata milimita 5 za mwisho wa waya uliooza, zungusha kofia mpya. Kazi ya dakika mbili, na nusu ya pikipiki zilizoletwa kwangu zimepona hapo.

Kwa zenye platini (ncha mbili zinazofunga na kufungua umeme wa koili), mwanya wake ni milimita 0.3 hadi 0.4, na ukumbuke kuubadilisha kunahamisha pia wakati wa cheche. Usisugue kwa msasa mkubwa. Tumia tupa laini, kisha kipande cha karatasi safi kutoa unga na mafuta. Zikiwa zinapiga cheche kubwa zenyewe kwa zenyewe na kuungua haraka, kondensa imechoka. Kondensa na koili zina tabia moja inayochosha: zikiwa baridi ni nzima, zikipata moto wa nusu saa zinakufa, zikipoa zinafufuka. Aliyesukuma pikipiki kilomita tatu, akafika kwa fundi ikawaka kwa kiki moja, ajue anatafuta kitu cha namna hii.

Jaribio dogo: punguza mwanya wa plagi kutoka 0.7 hadi 0.5. Ikiwa pikipiki imebadilika sana na kuwa nzuri, umeme ni dhaifu. Hapo hujatibu, umepima tu.

Wanasema niweke plagi ya moto zaidi. Namba inasomwaje?

Chukua B8ES ya NGK, inayotajwa sana kwa DT175. B ni uzi wa milimita 14. Namba 8 ni daraja la joto. E ni urefu wa uzi, milimita 19. S ni kiini cha shaba. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa hiyo 7 ina moto kuliko 8. Denso nao hupanda kuelekea baridi. Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ndiyo ya moto. Kwa hapa watu wengi wamejikaanga.

Kwa pikipiki inayozunguka kijijini kwa mwendo wa polepole, kushuka kutoka 8 hadi 7 ni halali. Lakini baada ya kila kitu kingine kuwa sawa, na si zaidi ya hatua moja. Ukiweka ya moto ili kuficha sili iliyokufa, plagi itaonekana nzuri mpaka siku utakayokwenda safari ndefu.

Herufi ya urefu ni muhimu kuliko namba. H ni milimita 12.7. Ukiweka E pahali pa H, uzi unatokeza ndani na pistoni inaweza kuigonga. Ukiweka H pahali pa E, nyuzi za kichwa zinabaki wazi na kujaa kaboni, na siku ya kuweka plagi sahihi itakwama na kung'oa nyuzi. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, toa ya zamani uzipange pamoja juu ya kaunta.

Plagi feki nitaijuaje?

Bei peke yake haisemi, kwani feki nyingine zinauzwa bei ya halisi. Itazame ncha ya katikati: iko katikati kweli? Maandishi yamekaa sawa au yanafutika kwa kidole chenye petroli? Pete ya kuziba kwenye uzi wa plagi halisi haichomoki kirahisi kwa mkono. Uzi ukikwaruza kidole, mashaka. Kigae kikitikisika hata kidogo, rudisha. Na ukinunua, Kariakoo au popote, nunua mbili kwa mtu ambaye utamkuta tena wiki ijayo.

Naweza kuisafisha nikaitumia tena?

Iliyolowa petroli, ndiyo, ikaushe tu. Yenye masizi makavu, mswaki wa zamani na petroli au dawa ya kusafishia breki, kisha iache ikauke kabisa. Brashi ya waya wa chuma inaacha mistari ya chuma juu ya kigae, nayo inapitisha umeme kama masizi, kwa hiyo unasafisha na kuharibu kwa mkono mmoja. Kupuliza kwa mchanga kunaacha punje ndani zitakazoshukia kwenye silinda. Watu wengine huiweka kwenye jiko la gesi. Inasaidia kukausha oili, ila usiitumbukize kwenye maji ikiwa ya moto, kigae kitapasuka. Yenye gamba linalong'aa kama kioo, itupe. Gamba hilo linapitisha umeme likipata moto na halitoki.

Petroli mbaya inaweza kuwa ndiyo sababu?

Inaweza. Petroli iliyokaa miezi sita kwenye tangi inaacha gundi kwenye jeti. Iliyochanganywa mafuta ya taa haiungui vizuri, inatoa masizi na kugonga. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji huo, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili bei isimvutie mchanganyaji. Kwa petroli ya kwenye madumu barabarani, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli inakauka bila kuacha kitu. Mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta.

Kuhusu risasi, wazee wanaoamini pikipiki zao "zilizoea petroli ya zamani" wawe na amani. Kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliondolewa kufikia Januari 2006, na injini ya 2T haina valvu za kuumia. Plagi imepumzika na mabaki ya risasi yaliyokuwa yanaiganda.

Yangu ni 4T, Honda CG125 ya zamani. Haya yananihusu?

Ya filta, kabureta, umeme na mwinuko yote. Ya oili ni tofauti: kwako oili haitakiwi kufika kwenye plagi kabisa. Ikifuka asubuhi ya kuwasha kisha ikatulia, ni sili za valvu. Ikifuka unapovuta mafuta kupanda mlima, ni ringi. CG125 ilianza mwaka 1976 na hutumia plagi ndogo yenye uzi wa milimita 12, D8EA, usilazimishe nyingine. Spea hazikusumbui, maana bodaboda nyingi za Kichina ni wajukuu wa injini hiyo.

Niikaze kiasi gani?

Anza kwa vidole mpaka mwisho. Ikigoma kwa vidole, imeingia upande, itoe. Plagi mpya, ongeza nusu mzunguko kwa spana. Iliyowahi kufungwa, ongeza kidogo tu, kama mshale wa dakika unavyotembea dakika 5. Kichwa ni aluminiamu. Kuweka uzi mpya ni gharama ya plagi thelathini.

Imekufa njiani, sina spea, giza linaingia.

Funga koki. Toa plagi, ifute kwa kitambaa, kwangua masizi kwa ncha ya kijiti, si kisu. Punguza mwanya uwe kama nusu milimita. Bila plagi, mkono umefungua wote, piga kiki kumi kutoa petroli iliyojaa ndani, uso ukiwa mbali na tundu na waya wa plagi umekaa pembeni. Rudisha plagi, usiguse choki, piga kiki ukiwa na mkono robo. Ikikataa, gia ya pili na kusukuma kwenye mteremko. Ikiwaka, usisimame kuaga mtu: nenda kwa gia ya chini na mkono mkubwa kiasi kwa kilomita ya kwanza, ipate moto wa kuunguza kilichobaki, ndipo uongeze koti na kofia ukifika kwenye taa.

Kisha kesho yake funga plagi mpya ndani ya kitambaa kikavu pamoja na spana yake, uziweke chini ya kiti. Zisiwekwe kwenye kisanduku kimoja na chupa ya 2T. Nimeshaitoa plagi ya akiba usiku, porini, nikaikuta imelowa oili kabla haijaonja injini.